Maneno ya Waziri Deokbae

Bang Deokbae hakuomba uwaziri. Uwaziri ulimkuta barabarani, ametangulia mbele ya maiti ya watu, kengele mkononi, anaimba.

Hapa kwetu Gamsil maiti hupandishwa mlimani kwa machela ya rangi rangi, na lazima awepo mtu wa kutangulia na kuimba ili wabebaji waitikie na kukanyaga pamoja. Ni kazi inayotaka sauti, tena si sauti ya mchezo. Lakini ni kazi ya watu wa chini. Ukoo wa Nam, wenye Nyumba Kuu na mashamba na makaburi yenye mawe ya kuchongwa, wao huimbiwa, hawaimbi. Babu yake Deokbae alizaliwa mtumwa wa Nyumba Kuu, mali ya kurithishana pamoja na masufuria. Baba yake, Cheolsu, alizaliwa utumwa umeshafutwa kwa maandishi, na akaimba vilevile. Deokbae naye, mgane wa miaka hamsini na minane, mkulima wa pilipili, akaimba vilevile.

Siku hiyo mwongozaji mmoja wa tamthilia alikuwa amekuja kutoka Seoul kuutazama ua wa Nyumba Kuu. Gari lake likazuiwa na mazishi. Akashuka, akasimama pembeni, akasikiliza mpaka machela yakapotea kwenye misonobari.

"Yule mwenye sauti ni nani?" akauliza.

"Nani, yule? Yule ni Deokbae tu," akajibiwa.

"Basi huyo Deokbae tu namtaka kesho asubuhi."

Tamthilia yenyewe iliitwa *Binti wa Kisimani*, habari za kijakazi mchota maji wa ikulu, enzi za wafalme, aliyepanda kutoka ndoo hadi kwenye baraza la mashauri. Walihitaji watu wa kujazia nafasi ndogondogo, na mwigizaji wa Waziri wa Kushoto wa mfalme, mkatili wa maneno machache, alikuwa ameugua. Wakamvika Deokbae joho jekundu na kofia nyeusi ya singa za farasi. Tulikwenda kumcheka, mimi nikiwemo. Haki ya nani, hatukucheka. Vazi lilimkaa sawasawa, na alipoketi juu ya baraza la Nyumba Kuu, mikono magotini, wazee wawili wa ukoo wa Nam waliinuka kidogo ili wampe heshima, kisha wakajikumbuka wakakaa.

Na mtumwa je, nani alipewa? Nam Taegyu! Mwalimu Nam, mjukuu wa Bwana Mkubwa wa zamani, mstaafu wa miaka sitini na sita, mwembamba kama fito, mdomo haufungi. Yeye alivikwa matambara na kukaa chini uani, naye aliyafurahia kuliko mtu yeyote.

"Mheshimiwa," alikuwa akimwita Deokbae wakati wa chakula, bakuli kalishika kwa mikono miwili, "mtumwa wako anaomba kimchi, hata jani moja la kabichi chachu."

"Ukimaliza kuchota maji."

"Maji nimechota tangu juzi, Mheshimiwa. Nihurumie, nina kisukari."

Kijiji kilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu mmoja tu hakuja kutazama, naye ndiye Deokbae aliyemtaka.

Huyo ni mama yake, Bunnyeo, miaka sabini na minane. Sisi tulimwita Mama Deokbae. Maisha yake yote aliingia Nyumba Kuu kwa mlango wa nyuma, miguu mbiombio, macho chini. Mwalimu Nam, pamoja na meno yake ya bandia, mama huyu bado alimwita "Bwana mdogo", na wakikutana njiani alishuka tutani kumpisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa akimsihi, "Mama, pita, barabara ni ya serikali," wapi! Jambo hili lilimkereketa Deokbae tangu utoto. Na msije mkadhani joho lilimlevya bure. Alitaka kitu kimoja: mama yake amwone ameketi juu, wale wameketi chini, hata kama ni mchezo, ili kabla hajaingia ardhini ainue kichwa walau siku moja.

"Mama, njoo uone."

"Nina pilipili za kuanika."

"Pilipili zitakimbia?"

"Zikinyeshewa utazikausha kwa joho lako? Niache."

Ikafika siku ya kupiga picha ya jamvi. Zamani, mtumwa akikosa, au akidhaniwa amekosa, alizungushiwa jamvi la kuanikia mpunga, akafungwa humo, watu wakamshukia kwa fimbo, hata asijue ni mkono wa nani uliompiga. Mwalimu Nam akaviringishwa, huku anapiga makelele kwamba wasimvunje miwani. Ndani walimwekea sponji nene. Mwongozaji akamwendea Deokbae barazani.

"Mzee wangu, kwenye maandishi kuna neno moja tu, 'Mpigeni.' Ni kavu. Ongeza lolote litakalokujia."

Kamera zikawashwa. Fimbo zikashuka. Deokbae akafungua kinywa, na ile sauti yake ya mazishi ikatoka chini, taratibu, bila hasira yoyote:

"Zaidi. Pigeni mpaka jamvi linyamaze."

Ua wote ulipoa. Mimi nywele zilinisimama. Mwongozaji akajipiga paja, akasema hakuna kurudia, imetosha. Mwalimu Nam akatoka jamvini amejaa makapi, uso umempauka.

"Umeyatoa wapi maneno hayo?" akauliza.

"Yamenijia tu."

Mwalimu akajipangusa, akachukua viatu vyake, akaenda zake. Siku hiyo hakuomba kimchi.

Wazee wa Gamsil hulala na kuku, kwa hiyo tamthilia tulikuwa tukiitazama Jumapili mchana, inaporudiwa, pale ukumbi wa wazee. Jumapili ile akina mama walimfuata Bunnyeo nyumbani wakamshika mikono, mmoja huku mmoja kule. "Mwanao waziri, wewe unajificha na pilipili? Una roho ya jiwe?" Wakamketisha mbele kabisa. Deokbae akasimama nyuma mlangoni, hatazami runinga, anatazama kisogo cha mama yake.

Na ni kweli, alimwona akiinua kichwa. Mwanawe alipotokea na kofia yake, akina mama wakapiga vigelegele, na Bunnyeo akanyanyua uso akatazama bila kupepesa. Deokbae alitabasamu peke yake kule nyuma. Kisha likaja jamvi. "Mwalimu leo kapatikana!" watu wakaangua kicheko. "Dunia imepinduka!" Kisha yakaja maneno.

Bunnyeo akasimama. Akapita katikati ya watu, akatoka nje na soksi zake, viatu akaviacha mlangoni mbele ya mwanawe. Wahenga husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulidhani mama wa watu kaona ung'ongo tu.

Deokbae alimfuata na vile viatu mkononi. Akamkuta nyuma ya nyumba, kwenye mitungi ya kimchi, ameshika ukingo wa mtungi kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Mama, unaumwa?"

"Maneno yale kakufundisha nani?"

"Hakuna. Nimeyatunga mwenyewe."

"Hukuyatunga."

"Mama, nakwambia mwongozaji aliniambia niongeze..."

"Hukuyatunga, Deokbae. Nyamaza unisikilize, kwa maana sitayarudia."

Akamweleza amesimama vilevile, macho kwenye mtungi. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Kaskazini na Kusini. Sheria mpya ya ardhi ilikuwa imepita, kwamba alimaye ndiye mwenye shamba. Cheolsu akaenda Nyumba Kuu, akasimama uani, akauliza kama lile konde alilolilima baba yake na yeye litakuwa lao. Kuuliza tu. Bwana Mkubwa hakumjibu. Aliagiza jamvi. Wakaitwa majirani, watu wa kwetu haohao, wakapewa fimbo kila mtu na yake, na aliyesita alionyeshwa jamvi la pili.

"Mwanzo alikuwa anapiga kelele mle ndani. Baadaye anaguna. Bwana Mkubwa amekaa barazani, anavuta kiko. Akasema, 'Zaidi. Pigeni mpaka jamvi linyamaze.' Hakupandisha sauti. Vilevile ulivyosema wewe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na banda la kuni, na wewe nimekufunga mgongoni. Miaka mitatu."

Baba yake Deokbae alitembea amepinda upande mmoja mpaka anakufa.

"Uliniambia alianguka juu ya mti."

"Ningekwambia nini? Uwachukie, na ndio waliotulisha?"

"Mama, mimi sikujua. Nilitaka uinue kichwa tu."

"Nimeinua," alisema. "Nimekuona."

Akamnyang'anya viatu vyake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo akawa anajipikia sufuria yake ndogo, anakula peke yake jikoni, na mwanawe akimsogezea bakuli analirudisha mezani bila kuligusa. Hakumtukana, hakumfukuza. Alimwangalia kama wanavyoangaliwa watu wa barazani, chini chini, upande upande, na akipishana naye mlangoni alirudi nyuma kumpisha. Hilo ndilo lililomuua Deokbae. Mama yake alikuwa anampisha!

Laiti mambo yangeishia nyumbani. Lakini nchi ilikuwa imeyapenda maneno yale. Ndani ya wiki mbili yalikuwa kila mahali. Binti yake akapiga simu kutoka Busan: "Baba, wajukuu zako shuleni wamekuwa wafalme! Watoto wanaviringishana kwenye mikeka ya mazoezi, wanapiga kelele maneno yako!" Watangazaji wa redio waliyasema wakimaliza habari za mpira. Mwenye duka la magodoro mjini aliyaandika juu ya mlango wake. Na mabasi yakaanza kuja Gamsil. Wageni walishuka, wakaazima jamvi kutoka Nyumba Kuu, wakamfunga shemeji yao, wakampiga kwa miavuli, wakapigana picha. "Mpaka jamvi linyamaze!" Njia ya kuegeshea mabasi ilipita chini ya dirisha la Bunnyeo. Bibi wa watu akajiziba masikio kwa pamba, akawa anaanika pilipili na pamba masikioni.

Deokbae akampigia mwongozaji. Yule akacheka: Waziri wa Kushoto ameshakunywa sumu kwenye hadithi, mzee wangu, umekufa, pumzika. Maji yakimwagika hayazoleki. Deokbae akanyoa ndevu alizofuga miezi minne kwa ajili ya uwaziri. Wageni walimjua kwa sauti. Alikuwa akisema tu "Karibuni, mabasi yanageuzia kule," wanarukaruka: "Ndiye! Ndiye! Mheshimiwa, mara moja tu, tafadhali, mtoto ana siku yake ya kuzaliwa!" Akawa haongei tena mbele za watu. Mzee mmoja alipofariki upande wa mtoni, Deokbae alikataa hata kwenda kuimba, na maiti ikapandishwa mlimani kimya.

Msimu wa vuli ukaja, na Tamasha la Pilipili. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kumpigia magoti. Uani kungekuwa na mchezo wa jamvi, Mwalimu Nam ndani, Deokbae juu na joho lake, watu wanatoka mpaka Seoul.

"Kaka, ukikataa nitaficha wapi sura yangu? Kaa tu pale juu. Neno moja tu."

"Nitakaa," alisema Deokbae. "Lakini maneno nitakayosema ni yangu."

"Sema unachotaka! Ukisema hata salamu watapiga makofi."

Jioni hiyo alikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa anasafisha wali uliogandia sufuria.

"Mama, kesho nitamtaja baba. Palepale. Kwa jina lake."

Bunnyeo hakugeuka. Kijiko kiliendelea kukwangua.

Asubuhi ya tamasha Mwalimu Nam alimjia nyuma ya jukwaa, bila matambara, amevaa suti yake ya ualimu.

"Mimi leo siingii jamvini," alisema. "Mgongo unaniuma."

Deokbae alimtazama. "Mwalimu. Mwaka ule ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," akajibu Mwalimu Nam. Hakuuliza mwaka upi.

Mtenda husahau, wanasema. Si wote, kumbe.

Ua ulifurika. Kijana mmoja mgeni alijitolea kuingia jamvini, mchumba wake anampiga picha. Wengine walikuwa juu ya ukuta, wengine juu ya paa la banda la kuni. Deokbae alipopanda barazani zikapigwa mbinja. Akaketi, mikono magotini, akatafuta kwa macho. Hakutegemea kumwona. Lakini alikuwepo, chini ya lile banda la kuni, na nguo yake ya kazini, bila pamba masikioni. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sema! Sema!" watu wakaanza.

Akainua mkono, wakanyamaza.

"Kulikuwa na mtu," alisema, "jina lake Bang Cheolsu. Alikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja na konde moja ambalo si lake. Alikuja hapa, akasimama hapo alipolala huyo kijana, akauliza swali. Hakutukana mtu. Aliuliza. Wakamtia jamvini, na mimi nimekaa mahali alipokaa aliyewaamuru. Maneno mnayoyapenda hayakuandikwa na mtu wa tamthilia. Yalisemwa hapa, juu ya mgongo wa baba yangu. Nawaomba muyaache. Nawaombeni sana, muyaache."

Ilikuwa kimya hata jani ungelisikia. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa anajifuta machozi. Kijana akatoa kichwa jamvini. Mimi nikasema moyoni, wamesikia, Mungu ni mkubwa, wamesikia.

Kisha mtu akapiga makofi.

Akafuata mwingine, na mwingine, mara ua wote. "Anaigiza kuliko hata kwenye runinga!" akasema yule mwanamke, huku bado analia, anamgeukia mwenzake. "Angalia, mwili wangu wote umesisimka!"

"Si mchezo," Deokbae alisema barazani. "Jamani, si mchezo. Ni baba yangu." Sauti ilimpasuka. Makofi yakazidi. Na kutoka nyuma, ukutani, mtu mwenye kipaza sauti cha tamasha akaanzisha, na mamia wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha, watu wazuri tu waliokuja na watoto wao: "Zaidi! Mpaka jamvi linyamaze! Zaidi! Mpaka jamvi linyamaze!" Kijana akarudisha kichwa ndani, miavuli ikashuka.

Mwalimu Nam aliketi chini uani na suti yake, akafunika uso.

Deokbae alishuka. Sijui alipitaje. Watu walimgusagusa joho, walimpiga picha, alifika banda la kuni kofia imeshaanguka, akapiga magoti mbele ya mama yake na kumshika sketi kama mtoto, mtu wa miaka hamsini na minane, analia kwa sauti, kamasi na machozi, hajali nani anatazama.

"Hawasikii, Mama. Nimewaambia, hawasikii."

Bunnyeo aliinama. Alimfuta uso kwa mkono wa blauzi yake, huku, kisha huku, akambana kichwa kwenye tumbo lake. Na alipozungumza alizungumza kwa nguvu, ili amsikie kwenye zile kelele, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Siku ile ua ulijaa hivihivi. Hakuna aliyethubutu kutoa sauti. Hata mimi mkewe, nilijiuma ulimi. Jamvi lilikuwa limeshanyamaza, nao wanapiga tu. Ulilia wewe, mgongoni kwangu. Uliwalilia mpaka wakashindwa, mikono ikawachoka, wakatupa fimbo. Baba yako alipona kwa kilio chako, mwanangu. Lia. Lia, hao hawatakunyamazisha."